Konti ndogo ya kripto: inakomala na jasho, haikomali na mbio

Siku ya posho moja, kijana mmoja mchimbaji alitoka upande wa Salamabila, akapanda piki mpaka Kasongo, akanifikia kwenye biro ya sendika. Hakuleta neno la shimo wala la koperative. Alileta telefone. Kwenye ekrani iliandikwa dolari 612.

«Yaya,» akasema, «feza yangu iko ndani, lakini inakataa kutoka.»

Alikuwa ameingiza dolari 140 katika miezi miwili. 60 zilitoka kwenye dhahabu yake mwenyewe. 80 zilikuwa za likelemba ya bibi yake, mama wa kutwanga mawe, ambaye zamu yake ilikuwa imefika baada ya kungoja muda mrefu. Alitaka kuanza biashara ya mafuta ya mawese. Bwana yake alimwambia: nipe miezi miwili tu, nitakurudishia mara tatu. Sasa wenye ile aplikasio walikuwa wanamwomba dolari 90 zingine, eti ni takse ya kutoa feza. Mwisho kesho, saa sita.

Nilimwambia asitume hata franga moja. Hakunisikia vizuri, maana mtu anayeona 612 kwenye ekrani haoni kitu kingine. Ikabidi tumpigie bibi yake. Mama huyo aliuliza swali moja tu: «Kama iko na 612 mule ndani, juu ya nini hawakati takse yao mule mule?»

Kijana alinyamaza. Akazima telefone, akaiweka mezani. Kisha akaniuliza: «Basi, yaya, na ile ya kweli? Kuko ya kweli? Mutu anaweza kuanza na dolari 50 na kuzikomalisha pole pole?»

Swali hilo ni zuri, na si yeye peke yake anayeliuliza. Wandugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaotunza feza ya nyumba, nitalijibu hapa kwa hesabu, sawa vile tunavyohesabu mgawo wa shimo jioni.

Kwa nini tunakimbilia telefone

Kwanza, tusimcheke kijana huyu. Sisi watu wa nchi hii tuna sababu ya kuogopa makaratasi. Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1979, wakati Mobutu alipotangaza kwamba noti za 5 na za 10 za Zaïre hazina tena thamani. Aliyekuwa ameficha feza chini ya kitanda aliamka na makaratasi ya kuwashia moto. Mwaka 1993 tuliletewa nouveau zaïre: milioni 3 za zamani zikawa 1. Mwaka 1998 ikaja franga ya Congo: nouveaux zaïres 100.000 zikawa franga 1. Mtu aliyeona hayo, ao aliyesimuliwa na baba yake, akisikia kuna feza ambayo hakuna serikali inayoweza kuifuta, lazima masikio yasimame.

Tena kwa mchimbaji wa Kabambare banki iko mbali, lakini Airtel Money na M-Pesa ziko mfukoni. Na bei ya dhahabu imepanda: Oktoba 2025 aunsi moja, ni kusema grame 31, ilipita dolari 4.000 kwenye soko la dunia. Pale feza inapopita, na wezi wanapita. Zamani walikuja na mizani ya uongo. Leo wanakuja na kikundi cha WhatsApp.

Kripto ni kitu gani

Bitkoini ilianza Januari 2009. Haina noti wala haina banki kuu. Ni kitabu kikubwa cha hesabu kinachoandikwa kwa pamoja na mashini za dunia nzima, na kila mtu anaweza kukikagua. Bitkoini zote hazitapita milioni 21. Mashini zinazoandika kitabu hicho zinalipwa kwa bitkoini mpya, na kazi hiyo wanaiita minage. Hapo ndipo sisi watu wa mines tunadanganywa kwa urahisi, maana neno hilo ni letu.

Minage ya kweli iko hata hapa Congo. Kule Luviro, Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza kuifanya mwaka 2020 kwa umeme wa maji. Ni makontena yamejaa mashini, yanakula umeme usiku na mchana, na mafundi wanazilinda. Malipo yenyewe yanapungua: Aprili 2024 yalikatwa nusu, kutoka bitkoini 6,25 mpaka 3,125 kwa kila ukurasa wa kitabu, na yanakatwa nusu karibu kila miaka 4. Telefone yako haiwezi kazi hiyo. Mtu akikuambia «bonyeza hapa kila asubuhi, utachimba bitkoini», ujue anachimba mfuko wako.

Biashara ya kripto ni kitu kingine. Ni kununua bei ikiwa chini na kuuzisha ikipanda. Mtu wa Kasongo mara nyingi anaanza kwa kununua USDT, ile iliyofungwa kwa bei ya dolari moja. Anainunua kwa mtu mwingine, anamlipa kwa telefone, kisha anaitumia kununua bitkoini ao kripto nyingine. Biashara hiyo iko kweli. Swali ni: inamlipa nani?

Hesabu ya muongo

Wale waliomchukua kijana wetu walimwahidi 5 kwa mia kila siku. Inaonekana kidogo, si kweli? Dolari 50 zinazaa 2 na nusu kwa siku. Twende nayo mpaka mwisho. Kama faida inabaki ndani na kuzaa tena, baada ya siku 30 dolari 50 zinakuwa 216. Baada ya siku 90, zaidi ya 4.000. Baada ya siku 180, zaidi ya 325.000. Baada ya mwaka mmoja zinapita miliare 2 na nusu za dolari.

Kama kuna mtu anajua njia hiyo, angetafuta dolari 140 za mama wa kutwanga mawe kwa sababu gani? Angekopa 50 kwa jirani yake, akangoja mwaka mmoja, akanunua mgodi wote wa Namoya na barabara ya kufika kule.

Hadithi hii si mpya. Mwaka 1991 Kinshasa ililia kwa Bindo Promotion. Watu waliweka feza zao wakiahidiwa kupata mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kwa feza za wa nyuma, mpaka siku wa nyuma walipokosekana. Uganda, Dunamiscoins ilifunga milango Desemba 2019, watu maelfu wakabaki inje. Afrika ya Kusini, kampuni ya Mirror Trading International ilisema ina roboti inayofanya biashara ya bitkoini bila kuchoka. Ilianguka mwisho wa 2020, na mwaka 2023 korti moja ya Marekani ilimhukumu mkubwa wake arudishe dolari zaidi ya miliare 1,7. Jina linabadilika, lakini feza ya mwisho kuingia ndiyo inamlipa wa kwanza kutoka.

Hesabu ya kweli

Sasa tuseme umeepuka wezi. Uko kwenye soko kubwa linalojulikana, feza yako ni yako kweli. Hata hapo kuna matundu matatu ambayo konti ndogo inavujia.

Tundu la kwanza ni malipo ya soko. Masoko makubwa yanakata karibu 0,1 kwa mia unaponunua, na 0,1 kwa mia unapouzisha. Unasema ni kitu gani hicho? Hesabu: kijana ana dolari 50. Kila siku ananunua na kuuzisha kwa konti yote, mara 5. Baada ya siku 30, hata kama bei haikumfanyia ubaya wowote, konti imebaki na dolari 37. Dolari 13 zimekwenda kwa mwenye soko. Sisi tunaijua hali hiyo: kwenye kila shimo, anayeuza pelle na lampe anapata faida mbele ya yule anayechimba. Ongeza megabaiti, ongeza malipo ya kutoa feza kwenye telefone.

Tundu la pili ni mkopo wa soko, ule wanaouita levier. Soko linakuambia: una dolari 50, sisi tutakuacha ucheze kama una 500. Bei ikipanda 10 kwa mia, umepata 50 zingine. Bei ikishuka 10 kwa mia, konti imekwisha, na wanaifunga wenyewe bila kukuuliza. Bitkoini inaweza kushuka hivyo wakati wewe uko ndani ya shimo na rezo haifiki. Tarehe 12 Machi 2020 ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya bei yake katika siku moja.

Tundu la tatu ni hesabu ya kurudi juu. Ukipoteza 10 kwa mia, unahitaji 11 kwa mia kurudi pale ulipokuwa. Ukipoteza 20, unahitaji 25. Ukipoteza nusu, unahitaji mara mbili. Aliyenunua bitkoini Novemba 2021, wakati ilikaribia dolari 69.000, mwaka mmoja nyuma aliiona iko karibu 16.000. Dolari 50 zake zilikuwa karibu 12. Ili arudi kwenye 50 alingoja mpaka Machi 2024. Mtoto wake aliyefukuzwa shule juu ya minerval hawezi kungoja miaka miwili.

Ndiyo sababu wengi wanapoteza. Banki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel ilichunguza nchi 95 tangu 2015 mpaka 2022, ikakadiria kwamba watu 3 kwa kila 4 walioingia kwenye kripto kwa telefone walipoteza. Watafiti wa Brazil waliwafuata watu wanaonunua na kuuzisha siku hiyo hiyo kwenye bursa ya kule. Kati ya wale waliovumilia zaidi ya siku 300, 97 kwa mia walipoteza. Hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa wameshinda mbele ya ekrani siku nyingi.

Kama unataka kujaribu hata hivyo

Mimi si polisi wa telefone yako. Kama unataka kujaribu, jaribu sawa mtu mzima. Haya ndiyo niliyomwandikia kijana kwenye kayé yake.

Moja: weka feza ambayo ikipotea yote, nyumba itakula kesho. Feza ya minerval, ya dawa, ya likelemba, ya deni la PDG wa shimo, hizo haziingii. Kama huna feza ya namna hiyo, basi huna bado feza ya kripto.

Mbili: levier, hapana. Hata ndogo.

Tatu: usikubali kupoteza zaidi ya 1 kwa mia ya konti kwa biashara moja. Kwa dolari 50 ni senti 50. Namna ya kufanya: nunua kwa dolari 10 tu, kisha liambie soko mapema liuzishe lenyewe bei ikishuka 5 kwa mia. Bei ikiruka kwa ghafula unaweza kupoteza zaidi kidogo, lakini hutapoteza yote. Mtu anayepoteza 1 kwa mia mara 10 mfululizo amebaki na dolari 45, anaweza kujifunza bado. Anayepoteza 20 kwa mia mara 10 amebaki na dolari 5. Huyo masomo yake yamekwisha.

Nne: fanya mara chache. Njia isiyochosha ni kuchagua siku moja ya mwezi na kununua kwa feza ile ile, tuseme dolari 5, bei iwe juu ao chini. Bei ikiwa juu unapata kidogo, ikiwa chini unapata zaidi, na hukai usiku kucha ukitazama ekrani kabla ya kushuka shimoni. Kukosa usingizi kunaua watu kwenye mashimo yetu, na hilo halimo kwenye hesabu ya aplikasio yoyote.

Tano: mbele ya kuongeza, toa. Ingiza dolari 10, kisha toa 8 mpaka zifike kwenye Airtel Money yako. Zikikataa kutoka, toka siku hiyo hiyo. Lakini zikitoka, usiseme basi ni salama: wezi wengine wanakuacha utoe kidogo mara ya kwanza ili ulete kikubwa mara ya pili.

Sita: maneno 12 ao 24 ya siri ya konti yako yaandike kwenye karatasi, usimtumie mtu yeyote hata akijiita agenti. Na usiache kila kitu kwenye soko moja. FTX ilikuwa moja ya masoko makubwa ya dunia, ilianguka Novemba 2022, na mkubwa wake alihukumiwa miaka 25 ya gereza mwaka 2024.

Saba: andika. Tarehe, bei, malipo, megabaiti, faida, hasara. Na bibi ao bwana wako aisome kayé hiyo kila mwezi. Konti inayofichwa nyumbani tayari ina kasoro.

Nani anaikomalisha konti?

Tuseme umefuata yote saba na una akili na bahati. Unapata 2 kwa mia kila mwezi bila kukosa, jambo gumu hata kwa watu wa bursa wenye masomo. Baada ya mwaka mmoja, dolari 50 zako zimekuwa 63 na kitu. Umepata dolari 13 kwa miezi 12.

Sasa tuseme unaongeza dolari 5 kila mwezi toka kazi yako. Kwa 2 kwa mia ile ile, mwisho wa mwaka una dolari 130. Lakini tazama ndani: 110 ni zako, ulizitoa mfukoni. Soko limekupa 20. Kama soko lisingekupa kitu, bado ungekuwa na 110. Hilo ndilo wenye vikundi vya WhatsApp hawakuambii: konti ndogo inakomalishwa kwanza na yule anayeileta chakula. Faida ya 10 kwa mia juu ya kidogo ni kidogo.

Na kama siri ni kuleta kidogo kidogo bila kukosa, mama zetu waliijua mbele ya bitkoini. Likelemba ni hiyo. Zile AVEC, vikundi vya watu 15 mpaka 25, zinafanya zaidi: kila wiki mtu ananunua sehemu zake, feza inawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Mwenye shida ao biashara anakopa, anarudisha na faida kidogo, mara nyingi 5 ao 10 kwa mia kwa mwezi, sawa kikundi kilivyokubaliana. Baada ya miezi 9 ao 12 wanafungua na kugawana. Faida inabaki kwa wanakikundi, haiendi kwa mtu asiyejulikana sura.

Sitasema sanduku halina hatari. Mkopaji anaweza kukimbia, na sanduku linaweza kuibwa, nchi yetu tunaijua. Lakini hesabu inasemwa mbele ya wote, na mwenye kukuibia unajua mlango wake. Kijana wetu mpaka leo hajui kama aliyemwandikia alikuwa Kinshasa, Goma ao ng'ambo ya bahari.

Kama tayari umeibwa

Usilipe tena, hata wakikupa saa za mwisho. Chunga ujumbe wote na namba za M-Pesa ao Airtel Money ulizotumia. Mwambie mwenye rezo siku hiyo hiyo, kisha upeleke kwa OPJ ao parquet. Njoo na kwenye sendika, maana watu 20 wenye namba moja wanasikilizwa kuliko mtu mmoja. Na jichunge na yule atakayekupigia wiki ijayo akisema anaweza kukurudishia feza kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni wale wale, ao wamenunua namba yako kwao.

Kijana wa Salamabila hakutuma zile 90. Zile 140 hazikurudi. Alilala kwangu, asubuhi akapita Wamaza kurudi kwa bibi yake. Wamekubaliana: kila mwezi anamrudishia dolari 10 toka kwenye dhahabu yake, mpaka 80 zitimie. Mwezi uliopita nilimuuliza iko namna gani. Alinionyesha kayé, ile ile, kwa mwandiko wa bibi yake: 10, 10, 10. Mama amenunua bido la kwanza la mawese.